Habari ya Mafuta, Mkaa na Akiba ya Nyumbani

Miezi ya baridi imetufikia tena hapa Ugogo. Upepo wa mashariki wavuma usiku kucha, na kila aamkaye asubuhi huutafuta moto kabla ya kutafuta maji ya kunawa. Watu wa nchi za theluji wakisikia habari hii labda watacheka, maana usiku wa Juni na Julai kipimo chetu hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Sentigredi hivi, wala si zaidi sana. Lakini mtu huipima baridi kwa blanketi alilo nalo na kwa nyumba anayolala. Sisi twakaa juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na nyumba nyingi za bati hazizuii baridi hata kidogo. Basi katika miezi hii kila nyumba huongeza moto, na aongezaye moto huongeza na gharama. Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari ya akiba ya mafuta na mkaa. Hatuandiki kwa kuwa sisi ni mabingwa. Twaandika kwa kuwa tumekosa mara mbili katika jambo hili, na kosa la pili lilikuwa karibu litunyang'anye mtoto.

Hapa Ihumwa, zamani za baba zetu, hapakuwa na mtu aliyehesabu kuni kuwa ni gharama. Mama alikwenda porini na shoka, akakata matawi makavu ya migunga, akarudi kabla jua halijawa kali. Siku hizi mambo yamegeuka. Mji wa Serikali wa Mtumba umekuwa jirani yetu, na wizara zilianza kazi pale mwaka 2019. Treni ya umeme itokayo Dar es Salaam ilianza kuwaleta abiria Dodoma mwaka 2024. Nyumba mpya zaota kama uyoga baada ya mvua, lakini pori halioti kwa mwendo huo. Kuni zimekwenda mbali, na mkaa hutujia juu ya magari na pikipiki kutoka mahali tusipopaona. Kitu ambacho mama zetu walikiokota, sisi twakinunua. Na anunuaye hana budi kuhesabu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kosa la ulimi. Jioni moja mwaka jana, mwezi wa Mei, tulitafuta fedha ya karo tusiione. Tukamgeukia mama wa watoto wetu, tukamwambia mbele ya watoto, "Nyumba hii yaunguza posho yetu yote jikoni." Siku ile hakutujibu neno. Kesho yake alileta daftari la shule lisiloandikwa, akaliweka mezani pamoja na kalamu, akasema, "Mwalimu, wewe wajua kuandika. Andika kila kopo la mkaa na kila chupa ya mafuta, nani ametumia na kwa kazi gani. Mwezi ukiisha, ndipo utuhukumu."

Tukaandika siku 30, na nyumba yetu ina watu wanane. Mwezi ulipokwisha tulisoma mambo matatu ambayo hatukuyatazamia.

La kwanza, tulinunua mkaa kopo kwa kopo, kwa sababu fedha ya gunia haikupatikana kwa siku moja. Tulipoyajumlisha makopo yale, fedha yake ingalitosha gunia zima na kubaki. Hivyo ndivyo maskini anavyolipa zaidi kuliko tajiri kwa kitu kile kile.

La pili, moto wetu uliwashwa kabla ya kazi na ukaachwa baada ya kazi. Mkaa ulikuwa mwekundu kabla unga haujachekechwa. Na ugali ulipoepuliwa, makaa yalibaki yakiwaka mpaka yakawa majivu. Hakuna mwizi aliyeyachukua, ila hewa tu iliyala bure.

La tatu lilitutia haya. Nguzo za umeme zimepita karibu na kwetu, lakini sisi tulikuwa hatujauingiza nyumbani. Tulisoma kwa kandili, na chai ya wageni ilichemshwa juu ya jiko la mafuta ya taa. Zaidi ya nusu ya mafuta ya mwezi ule iliandikwa kwa jina letu sisi wenyewe. Kandili iliwaka na huku tumesinzia juu ya kitabu. Jiko liliwashwa kwa kikombe kimoja cha mgeni mmoja, likazimwa, likawashwa tena kwa mgeni wa pili. Basi mshitaki akawa mshitakiwa. Kwa kuwa tulimlaumu mama mbele ya watoto, tulimwomba radhi mbele ya watoto.

Labda msomaji atasema, mbona tusilaumu bei? Bei tumeilaumu sana, wala haikupungua. Bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa kila mwezi na EWURA, ambayo makao yake yapo hapa hapa Dodoma. Hapo zamani mafuta ya taa yalikuwa nafuu, yakaitwa mafuta ya mnyonge. Hata lile debe tupimialo mahindi na maji lilikuja katika nchi zetu likiwa chombo cha mafuta ya taa, lenye galani 4, yaani lita 18 hivi. Lakini wako wadanganyifu waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, wapate faida kwa tofauti ya bei. Basi mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili kuwazuia, na tangu hapo unafuu ule umekwisha. Hatuwezi kuibadili bei. Twaweza kubadili kiasi tunachotumia, na hapo ndipo mahali pa akili.

Sasa twataka kueleza tuliyojifunza mimi na mama wa watoto, tukijaribu moja baada ya jingine na kuandika daftarini.

Neno kubwa ni hili: maji yakiisha kuchemka, hayazidi kupata moto. Hapa kwetu, kwa sababu ya kuinuka kwa nchi, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100 kama pwani. Ndiyo sababu moja ya maharage kuchelewa kuiva huku kuliko Tanga. Sufuria ikichemka polepole au ikirukaruka na kumwaga povu, joto la ndani ni lile lile. Kinachoongezeka ni mvuke tu, nao wapaa na fedha yako. Kwa hiyo chungu kikichemka, punguza makaa, funika kwa kifuniko kinachokaa sawasawa, uache kitokote taratibu.

Tena maharage na makande yalowekwe tangu jioni. Asubuhi yamwage maji yale, utie mengine. Kisha yachemshe kwa nguvu dakika 10 au zaidi, maana maharage mabichi yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi. Baada ya hapo, tumia kapu. Twaa kapu kubwa, ulijaze majani makavu yaliyoshindiliwa chini na pembeni, katikati uache nafasi ya sufuria. Sufuria ikiwa bado yachemka na imefunikwa, itie mle upesi, uweke juu yake mto wa majani au blanketi kuukuu. Usiifunue kwa muda wa saa tatu au nne. Mama wa watoto alipofanya hivi mara ya kwanza, majirani walidhani amepoteza chakula. Alipofunua, mvuke ulimpiga usoni na maharage yalikuwa karibu kuiva. Yalitaka moto mdogo tu wa kumalizia. Ugali hautaki kapu, lakini wali, makande na nyama ngumu hulipenda.

Jiko nalo lina neno lake. Mafiga matatu mahali penye upepo hupasha joto ua kuliko chungu. Jiko la bati lililotiwa udongo wa kufinyanga ndani, ambalo lilianza kuenea kutoka Kenya katika miaka ya 1980, hulishika joto na kula mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Tukiisha kupika, makaa yaliyobaki twayatia ndani ya debe lenye kifuniko, nje ya nyumba. Yakikosa hewa huzimika, na kesho huwaka tena.

Kwa jiko la mafuta ya taa, mtazame ulimi wa moto. Ukiwa wa buluu, mafuta yaungua vema. Ukiwa wa manjano na kupaka sufuria masizi, sehemu ya fedha yako ndiyo ile nyeusi iliyoganda chini ya sufuria. Zikate tambi ziwe sawa, zisafishe, na usitie mafuta jiko likiwaka. Mafuta yasiwekwe kamwe ndani ya chupa ya soda, maana mtoto hajui kusoma harufu. Kwa kandili, safisha chemni kila jioni. Chemni safi hutoa mwanga mwingi kwa utambi mfupi. Na chai ya wageni sasa huchemshwa mara moja asubuhi, ikatiwa katika chupa ya chai. Hakuna mgeni aliyelalamika.

Kwa mambo haya, mkaa wa gunia moja, ambao kwanza haukufika wiki nne, ukadumu zaidi ya wiki tano. Daftari likaonyesha hesabu inashuka, nasi tukajisifu moyoni. Hapo ndipo tulipoingia katika kosa la pili.

Ilikuwa Julai, usiku wa upepo mkali. Baada ya chakula makaa yalikuwa bado mekundu. Tukawaza hivi: joto hili tumekwisha kulinunua, kwa nini tulizime nje, nao watoto wanatetemeka ndani? Tukalichukua jiko tukaliweka katika chumba cha watoto wawili. Mama akasema, "Mwalimu, mkaa si wa kulala nao." Tukamjibu kwamba hauna moshi, basi utadhuru nini? Tena, ili joto lisipotee, tukafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa matambara. Ndivyo ilivyo akili ya mtu aliyeonja akiba akasahau akiba ni kwa ajili ya nani.

Usiku wa manane mama alisikia kishindo. Binti yetu alikuwa amejaribu kuinuka akaanguka. Tulipofungua mlango alikuwa anatapika, akishika kichwa. Ndugu yake mdogo, mwenye miaka saba, hakuamka tulipomwita, wala tulipomtikisa. Tukawabeba nje, katika upepo ule ule tuliokuwa tukiukimbia. Jirani akatoa pikipiki yake, tukampeleka mtoto zahanati, na kutoka huko hospitali mjini, wakamtia hewa safi kwa mpira. Mama hakutulaumu neno lolote njia nzima, na ukimya ule ulikuwa mzito kuliko lawama. Karibu na kupambazuka mtoto alifungua macho, akaomba maji.

Mganga alitueleza kwa upole. Mkaa ukiwaka penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, haiwashi macho kama moshi wa kuni. Kwa hiyo mtu hapati onyo. Nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa tunayoihitaji, hata damu ikashindwa kuichukua hewa njema. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea, kisha husinzia asiamke. Jiko la mafuta na la kuni laweza kufanya vivyo hivyo katika chumba kilichofungwa. Ukiona dalili hizi, fungua milango, mtoe mtu nje upesi, umpeleke hospitali. Usingoje asubuhi.

Tulirudi nyumbani tukalitazama lile jiko. Tulikuwa tumeokoa viganja viwili vya mkaa.

Bibi mmoja jirani yetu alikuja kuwatazama watoto. Alikaa kitako, akasema, "Mwalimu, sisi tulizaliwa katika tembe, na moto ulikuwa mle mle ndani. Wajua kwa nini tuliamka?" Tukasema hatujui. Akasema, "Tembe lilipumua. Moshi ulipita kati ya ukuta na paa. Tena moto ulikuwa wa kupikia tu. Aliyetupasha joto ni tembe lenyewe." Kisha akacheka, akaongeza, "Lakini ule moshi ulitula macho, nisikudanganye."

Tulilitafakari sana neno lake. Tembe la Wagogo lilikuwa na kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo mnene. Mchana kutwa udongo ule ulikunywa joto la jua, na usiku ukalirudisha polepole kwa waliolala. Wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 watu wengi walihamia vijijini, na baada yake tukazidi kupenda bati, nalo lina faida zake: halivuji, na hutupa maji ya mvua. Lakini bati halitunzi joto. Mchana latuchoma, usiku latuacha. Nasi tukajaribu kununua kwa mkaa kile ambacho baba zetu walikipata bure kwa jua.

Basi tukafanya kazi ya wiki mbili. Tulifunga dari ya matete na majamvi chini ya bati, tukaacha matundu ya hewa juu ya madirisha. Tukasiliba kwa udongo nyufa za ukuta ulioelekea mashariki, upepo utokako. Vitanda tukavisogeza mbali na ukuta ule. Maji ya kuoga watoto sasa yawekwa juani tangu asubuhi katika ndoo nyeusi, nao huoga alasiri, si usiku. Mtoto mwenye baridi hupewa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, alale nayo miguuni. Fedha ya kazi hii ilikuwa ndogo kuliko mkaa wa miezi miwili ya baridi, na dari haiunguzwi ikaisha.

Wako watakaotuuliza, kwa nini msitumie gesi? Swali ni jema. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 kati ya kila 100 wawe wakipika kwa nishati safi. Kilo moja ya gesi yaweza kufanya kazi ya kilo tatu au nne za mkaa katika jiko la kawaida. Kinachowazuia wengi ni fedha ya mwanzo, ya mtungi na jiko lake. Sisi tuliitafuta hivi: kila wiki, fedha iliyopungua daftarini tuliitia katika kopo, wala hatukuigusa. Baada ya miezi saba tulinunua mtungi wa kilo 6, na taa ndogo ya jua ya kusomea. Sasa uji na chai hupikwa kwa gesi. Maharage huanzishwa kwa mkaa na kumalizwa na kapu. Kandili hungoja siku za mawingu.

Na kwa wenye mashamba, msisahau mti. Tanuru la udongo la wachoma mkaa hula kuni kilo nyingi, mara nyingi kati ya 6 na 10, ili kutoa kilo moja ya mkaa. Katika mkoa wetu wakulima wamefundishwa kazi iitwayo Kisiki Hai, inayofanana na ile ambayo Tony Rinaudo wa Australia aliieneza nchini Niger tangu miaka ya 1980. Hupandi mche. Watazama shambani visiki vilivyo hai, wachagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, na mengine wayakata. Yaliyokatwa ni kuni za leo, na yaliyoachwa ni mti wa kesho.

Basi, ndugu zetu, na hasa ninyi walimu mnaotazamwa na wengine, twawasihi mambo mawili. Kabla hujamlaumu aliye jikoni, twaa daftari uandike siku 30. Labda utaliona jina lako. Tena lindeni joto mlilolinunua, lakini msiizuie hewa isiyonunuliwa.

Yule mtoto wetu yu mzima, naye amejitwalia kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Kila jioni chakula kikiisha, hulitoa jiko nje yeye mwenyewe, huyatia makaa katika debe kwa koleo, hufunika, kisha huingia kutuambia, "Baba, nimekwisha kulitoa." Nasi huandika daftarini makaa yaliyobaki, tukaenda kulala.